Kanda Lililovuliwa Kanga

Siku ya tatu ya Idi mwaka huu niliagiza kwa simu shuwa, ile nyama ya Idi inayookwa chini ya ardhi. Usinicheke. Kijana wa pikipiki alisimama nje ya geti langu hapa Mabela, akanikabidhi chombo cha foili kilichofungwa kwenye mfuko, akasema "Idi Mubarak, madam," na kabla sijamjibu alikwishaondoka. Nikala peke yangu, nimesimama jikoni, kwa sababu kuandaa sahani kwa mtu mmoja kunanitia uchungu. Watoto wangu wako mbali, mmoja Dubai na mwengine London, na mume wangu huu ni mwaka wa nne yuko makaburini. Nyama ilikuwa laini, sitasema uongo. Lakini haikunuka moshi, wala haikunuka karafuu, na tonge la tatu likanikwama.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bibi. Naona hata kumkumbuka si neno lake, maana sijawahi kumsahau. Niseme tu kwamba siku ile nilishindwa kumkwepa.

Tulikaa Matrah, nyuma kabisa, pale nyumba zinapogota mlimani. Milima yenyewe unaijua, ile ya rangi ya kahawa iliyomwagika ikakauka, haina hata jani, na saa za alasiri inarudisha joto lote ililokunywa mchana. Nyumba yetu ilikuwa ndiyo pekee mtaani iliyozungumza Kiswahili; wengine wote walizungumza Kiarabu. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na sanduku moja la bati. Ndani yake mlikuwa na kanga moja. Moja, si doti nzima, kwa sababu siku ya kuondoka yeye na dada yake waliikata doti katikati, kila mtu akachukua kipande chake. Dada alibaki. Hawakuonana tena.

Kwa Idi mtaa mzima ulikuwa na tanuri moja. Usifikirie tanuri la mkate. Hili lilikuwa shimo refu lililochimbwa kando ya wadi, ule mkondo wa mto usiopata maji ila kwa mvua, limejengwa kwa mawe, linawashwa kuni za mgunga mpaka mawe yawe mekundu. Siku ya kwanza, baada ya kuswali na kula bokoboko, watu wanachinja. Kila nyumba inaipaka nyama viungo, inaifunga kwa majani ya mgomba, inaitia ndani ya kanda lililosukwa kwa majani ya mtende na kuroweshwa maji. Baada ya alasiri makanda yote yanateremshwa shimoni, mfuniko wa chuma unawekwa, udongo unafukiwa juu. Hakuna anayeonja kitu mpaka siku ya tatu asubuhi.

Sasa makanda yote yanafanana, ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na alama yake. Wenzetu walifunga waya, huyu kausokota hivi, yule kautia kipande cha bati. Bibi alichana utepe mwembamba kutoka kwenye ile kanga yake, akaurowesha pamoja na kanda na kuufunga mafundo mawili. Ulitoka kingo zimeungua, lakini ulitoka. Kila Idi utepe mmoja. Kanga ikawa inapungua upana mwaka hadi mwaka, na nilipomwuliza itakuwaje ikiisha, alinijibu, "Ikisha nami ntakuwa nshakwisha, una shaka gani?"

Na viungo vyake je! Watu wa mtaani walitia siki na karafuu mbili tatu za kunukishia. Bibi alitia ukwaju, na karafuu alitia konzi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, alikuwa akimtania kwamba shuwa yake inatibu meno. Walikunywa kahawa pamoja kila asubuhi, Bibi na Kiarabu chake cha kubabaisha, jirani akimsahihisha na kucheka. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yake. Hakuwa na mwengine.

Nilikuwa na miaka tisa Idi ile ninayotaka kukusimulia. Makanda yalipangwa kwa mstari kando ya shimo, wanaume wakaenda kuswali, na mimi nikaachwa kuwafukuza mbuzi. Wakapita wasichana wa darasa langu, wamevaa nguo zao mpya za kijani na dhahabu. Mmoja akaonyesha kanda letu, akasema kanda la Wazanzibari limevaa nguo. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, sasa naliona hilo. Lakini wakati ule uso uliniwaka. Walipoondoka nilifungua yale mafundo mawili, nikautia utepe mfukoni, nikaokota waya chini na kulifunga kanda letu kama makanda ya watu wote. Nikajiona nimefanya jambo la maana.

Asubuhi ya siku ya tatu mfuniko ulipoinuliwa, mvuke ulipanda na harufu ikajaa mtaa mzima, harufu ya moshi na mafuta na majani yaliyoungua. Mpaka leo nikiikumbuka mate yananitoka. Wanaume walikuwa wanatoa kanda moja moja, kila mtu analitambua lake, wanapokezana huku wanaimba. Bibi alisimama ukutani na wanawake, anasubiri kanga yake. Makanda yakatoka, yakachukuliwa. Likabaki moja, dogo, na waya.

"Hili si langu," alisema Bibi.

Baba alimwambia, "Mama, nyama ni nyama. Twende zetu, watoto wana njaa."

Nyumbani Bibi alilifungua, akanusa, akakutana na siki. Akafunika. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, na utepe uko chini ya godoro langu. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma barua, "Wameivua kanga yangu. Hawatutaki hawa, mwanangu. Miaka yote hii nnajipendekeza bure."

Ningesema pale pale. Badala yake nikaenda kuvaa viatu vya matembezi.

Mchana ule tulikwenda matembezini kama kila Idi, tumerundikana kwenye pikapu ya ami yangu, tukapita njia ya Amrat na kuendelea mpaka kwenye wadi yenye maji. Mvua ilikuwa imenyesha milimani wiki ile. Maji yalikuwa ya kijani, baridi, yanapita baina ya mawe meupe, na mikunazi ilikuwa imezaa. Tulikula ile nyama ya watu kwa wali, mikono mitupu, juu ya mkeka. Bibi hakushuka garini. Nilitia miguu majini, samaki wadogo wakaja kunidonoadonoa vidole, na kila nilipogeuka nilimwona kupitia kioo cha gari, anaangalia mbele ambako hakukuwa na kitu. Nilijiambia, nikihesabu mpaka kumi nitakwenda kumwambia. Nilihesabu mara nyingi sana.

Baada ya Idi ile Bibi hakupeleka tena kanda tanurini. Nyama yake aliipika jikoni, juu ya gesi, na alisema mgongo unamuuma. Kahawa ya asubuhi ikafa nayo. Yeye na jirani wakawa watu wa kusalimiana mlangoni tu. Kanga haikuchanwa tena. Alipofariki, miaka mingi baadaye, tuliikuta sandukuni na upana uleule.

Basi mwaka huu, baada ya lile tonge la tatu, nilitoa utepe kwenye kopo la biskuti ninamouweka, nikaendesha gari mpaka Matrah. Wadi imetiwa saruji. Pale palipokuwa na tanuri watu wanaegesha magari, na nyumba yetu wanakaa mafundi kutoka Bangladeshi. Sikusikia mtu anaimba wala sikusikia harufu ya kitu. Lakini mlango wa jirani ulikuwa uleule, na yeye alikuwa ndani, macho yamekwisha, amekonda, ameketi na mke wa mwanawe. Alinitambua kwa sauti. Akaniita kwa Kiarabu binti wa karafuu, akacheka, na kicheko kilikuwa bado kikubwa.

Akanisimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Kanda letu lilikwenda kwake; lilikuwa na waya, wakadhani ni lao. Tonge la kwanza tu alijua ni la nani. Alitenga mguu mzima, akaufunika kwa sinia, akangoja Bibi aje kuudai ili wacheke pamoja. Bibi hakuja. "Nikajua amekasirika kwa kuwa tumekula chakula chake," alisema. "Nikaona haya kumbishia hodi. Kila siku nilisema kesho."

Nilimwekea utepe mapajani. Nikamweleza yote, wasichana, waya, godoro. Aliupapasa kwa vidole, ule mwisho mpaka huu. Akaniuliza jambo moja tu.

"Bibi yako alijua kabla hajafa?"

"Hapana, mama."

Akaukunja mara mbili, akautia kiganjani mwangu, akakifumba kiganja changu kwa mikono yake miwili. "Basi kaa nao," alisema. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananisamehe au ananikatalia, na sikuwa na moyo wa kumwuliza.

Nimerudi Mabela. Utepe uko mezani, karibu na shuwa iliyopoa.