Shangazi wa wodi ya mahututi, kijicho chake na pumzi ya fundi rangi

Saa kumi na mbili asubuhi. Taa za chumba cha wagonjwa mahututi bado zinawaka, na dirisha ndiyo kwanza linaanza kupata rangi. Muuguzi mpana wa mabega, miwani imening'inia kifuani, anachovya kitambaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu na kumwinamia mzee aliyelala na mpira wa kupumulia mdomoni.

"Baba, nakufuta uso. Maji si ya baridi, usininunie," anamwambia. "Sasa nipe mkono. Hutaki? Haya, nauchukua mwenyewe."

Tangu aletwe, mzee huyu hajafumbua macho. Lakini kwa muuguzi huyu hakuna mgonjwa atakayegeuzwa, kuchomwa sindano wala kubadilishiwa shuka bila kuarifiwa, awe anasikia au hasikii.

Wenzake wanamwita Shangazi. Jina lilimkaa kwa sababu anawakagua wote, madaktari wakiwemo, kuanzia kucha hadi viatu, na asiyependa shauri yake. Amefanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba hiki chenye vitanda sita. Ukimuuliza, atakuambia bila haya kwamba anajua kila kitu cha humu ndani, isipokuwa kimoja. Na hicho kimoja, anasema, nusura kimuue kwa wivu.

Mwaka jana hospitali ilitangaza nafasi moja ya mafunzo. Aliyetakiwa ni muuguzi wa kujifunza kuwatambua wagonjwa ambao ubongo wao umekufa, na kuzungumza na ndugu zao kuhusu kutoa viungo viwafae wengine. Shangazi hakujisumbua kuomba. Aliona nafasi ni yake, nani mwingine? Ikaenda kwa msichana mwembamba mwenye miaka mitatu tu kazini, ambaye Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha hata kufunga bandeji.

"Roho iliniuma, wee acha tu," anasema. "Namwona anapita na beji yake mpya, natamani mlango umbane. Nikampa jina, Binti Semina. Watu wakacheka, jina likamganda."

Kijicho hicho hakikulala. Binti Semina akieleza jambo wakati wa kukabidhiana zamu, Shangazi anapatwa na kikohozi ghafla. Akibandika maelezo ukutani, Shangazi anasema maandishi ni madogo, nani atayasoma? Siku Binti Semina alipowafundisha wauguzi wote, Shangazi alidai ana kazi. Kumbe alikuwa kwenye chumba cha chai cha jirani, kikombe kimepoa mkononi, sikio liko ukutani.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mgongo ulikuwa umekataa," anasema.

Alichokuwa hakijui ni kikubwa. "Mimi nilikuwa naona moyo unapiga kwenye skrini, mwili una joto, nasema huyu kalala fofofo tu. Miaka yote hiyo ndugu wakiniuliza, nawaambia wasikate tamaa." Hakuwa peke yake. Anasema hata baadhi ya madaktari walilikwepa neno lenyewe; walisema hali ni mbaya, wakapita zao.

Ndipo akaletwa fundi rangi.

Alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi, na rangi ya samawati ilikuwa imekauka kwenye nyusi zake. Madaktari wawili walimpima, kila mmoja kwa wakati wake. Mboni za macho hazikushtuka kwa mwanga. Maji ya baridi yaliyotiwa masikioni hayakuyatikisa macho hayo. Alipoondolewa kwenye mashine ya kupumulia, hakuvuta pumzi hata moja. Wakatangaza kwamba amefariki, na mashine ikaachwa iendelee kusukuma hewa wakati familia inazungumzishwa.

Binti Semina aliketi na mke wa fundi katika chumba kidogo cha pembeni. Shangazi akawa na safari nyingi zisizo na sababu mbele ya kioo cha mlango. Mke alilia sana, kisha akakubali figo zitolewe. Mume wake, alisema, alikuwa mtu wa kuwaazima watu hata ngazi yake ya kazi. Akaomba kwenda kumuaga.

Wakati huohuo saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Mazoea yana taabu. Mdomo wa Shangazi ukatangulia: "Fundi, baba, nakulaza ubavu wa kushoto. Usiogope."

Mke alikuwa amesimama mlangoni.

"Unaongea na nani?" akauliza.

Shangazi akamrudisha fundi chali.

"Si mmeniambia amekufa? Kama hasikii, unamwambia asiogope ya nini?" Akamgeukia Binti Semina. "Hapana. Hamumgusi mume wangu. Mnataka kumpasua akiwa hai."

Shangazi haifichi siku ile. "Kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni furaha," anasema. "Nikasema kimoyomoyo, haya, beji iongee sasa. Halafu nikamtazama yule mama. Tulikuwa tumemweka pabaya. Akikataa, siku mashine ikizimwa atajua tumemuua mumewe. Akikubali, atajua tumemchinja. Atalala na hilo maisha yake yote. Na mimi niliyemtia humo sina la kumwambia, kwa sababu hata mimi sikuamini kama yule kijana amekufa."

Akavua glavu. "Binti," akasema mbele ya mke wa marehemu, "mimi sijui. Nionyeshe na mimi."

Binti Semina hakutabasamu wala hakujipa ukubwa. Alimwita daktari, na daktari akakubali kipimo cha pumzi kirudiwe, mke akiwa ameushika mkono wa mumewe. Mashine ikatenganishwa. Oksijeni ikabaki inaingia taratibu kwa mrija mwembamba. Wakaambiwa wakitazame kifua.

Bila kujijua, Shangazi alikuwa amebana pumzi. Alibana hadi masikio yakamvuma, kisha ikamponyoka kwa kishindo. Kando yake mke wa fundi naye akahema. Alikuwa ameibana vilevile. Wakatazamana. Kifua cha fundi hakikuinuka. Daktari akazidi kusubiri, nacho hakikuinuka.

"Mtu akibana pumzi, ubongo unamlazimisha avute," Binti Semina akasema polepole. "Kwake ubongo wote umekufa, hakuna tena wa kumlazimisha. Moyo unapiga kwa sababu mashine inaupatia hewa. Harudi, dada yangu."

Mke akakilaza kichwa chake juu ya kifua kile. "Basi amekwenda," akasema.

Baada ya muda akarudia neno lake la kukubali, ila kwa sharti moja. Wa kumsindikiza mumewe hadi chumba cha upasuaji awe Shangazi. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiongea naye," alimwambia. "Najua hasikii. Ongea tu, nisikie mimi."

Shangazi akaongea njia nzima: hapa tunakata kona, hapa kuna kizingiti, hapa tunaingia kwenye lifti. Mke alifuata nyuma, kiganja chake kikiwa juu ya chuma cha kitanda, hadi alipoambiwa mwisho wake ni hapo.

Binti Semina ana yake ya kusema kuhusu siku hiyo. "Mimi nilikaa naye mpaka mgongo ukaniuma, halafu akamchagua Shangazi," anasema, akicheka kidogo. "Niliona wivu, kwa nini nidanganye?"

Siku hizi Shangazi huketi kiti cha mbele Binti Semina anapofundisha, na huuliza maswali hadi wenzake wanaguna. Bado anaongea na kila aliyelala mbele yake. Lakini daktari akishatangaza kifo, kwanza anawageukia ndugu na kuwaambia wazi kwamba mtu wao amefariki, na kwamba yeye anaongea kwa heshima, si kwa kuwa anasikilizwa. Na kijicho je? "Kipo," anasema. "Akieleza jambo likaeleweka, kinanichoma palepale."

Nafasi ya mafunzo imetangazwa tena, na safari hii ameomba. Kilichomsukuma ni mke wa fundi, aliyerudi wiki iliyopita kuchukua nguo za kazi za mumewe. Aliuliza figo zimekwenda kwa nani. Akajibiwa kwamba waliopewa ni watu wawili, wanaendelea vizuri, na majina hayatajwi. Akazikunja zile nguo mapajani.

"Kuna mtu leo ameamka na figo ya mume wangu," akasema. "Mimi nimeamka na mto wake wa kulalia. Nawaonea wivu hao watu, nesi, na hata sura zao sizijui. Hili nalo dawa yake nini?"

Shangazi akainuka. Akamfuata Binti Semina, akamuuliza kama hilo walifundishwa huko mafunzoni. Binti Semina akasema hapana, hilo hawakufundishwa.

"Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda kwa yule mama, mimi na Binti," anasema Shangazi. "La kumwambia hatuna. Tutakaa naye tu."