Spika ya Kushoto

Gaetano Mawien alikuwa hakaliki. Akikaa, alisimama, akisimama, alikwenda kupiga magoti mbele ya spika ya kushoto na kuugonga ubao wake kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, kisha alirudi kitini na kukunja uso. Atong, mkewe, alikuwa ameshaacha kumuuliza ana nini. Tangu mvua zianze spika ile ilikuwa inakufa, na katika mtaa wetu wa Atlabara, Juba, hakuna mtu aliyekubali kuisikia ikifa isipokuwa Gaetano mwenyewe.

Tuelewane mapema: hizo si spika za kuokota. Ni makasha mawili ya mbao ya kahawia, yanamfika mtu mzima kiunoni, yaliyotengenezwa Uingereza wakati Gaetano bado anakwenda shule pekupeku. Alizipata Nairobi, siku za ukimbizini, kwa mjane mmoja wa Kihindi aliyekuwa akihama nyumba. Watu walipoanza kurudi Sudani Kusini, wenzake walipakia vitanda, magodoro na masufuria kwenye lori. Gaetano alipakia magodoro pia, lakini ndani ya magodoro mlikuwa na spika. Atong alipanda juu ya mzigo akaikumbatia moja kwa magoti njia nzima, na hata lori liliposimama Nesitu, karibu na kuingia Juba, kubadilisha tairi, watu wakashuka kunywa chai, yeye alikataa kushuka, asije mtu akaitwika gunia la mihogo. Kwa hiyo usije ukamwambia Atong kwamba zile ni spika za mumewe. Zilikuwa zao wote wawili, na alikuwa hajawahi kuzisema vibaya, mpaka mwaka huu.

Kwa kazi, Gaetano ni fundi wa jenereta. Kambi nyingi za mashirika ya misaada kule mtaa wa Thongpiny zinamjua, na zinaijua namna yake: hashiki spana kwanza. Anainama, anafumba macho, analisogeza sikio la kushoto karibu na injini inayonguruma, karibu kabisa, mpaka mtu anayetazama anamwogopea ngozi, halafu anainuka na kusema ni kitu gani kimelegea. Amefanya hivyo tangu ujana, nchi hii na ile. Jioni akirudi nyumbani hataki kusikia jenereta. Muziki wake anaupigia betri za sola, na jirani akiwasha injini, Gaetano hufunga dirisha hata kama joto linaivisha watu.

Sasa, Jumapili baada ya misa kuna desturi. Wako watatu wenye spika za zamani, Gaetano akiwa mmoja wao. Kuna Bona, ambaye ana duka la kupiga picha za pasipoti na aliyekulia Kenya kama Gaetano. Kuna Yangi, aliyekulia Uganda, anayeuza vipuri na bia pale Nesitu. Wanazungukiana, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mgeni anakaa kwenye kiti cha katikati, mwenye nyumba anasimama ukutani. Wimbo unapigwa mpaka mwisho bila mtu kukohoa. Halafu kila mmoja anatoa maoni yake, na hapo ndipo amani inapokwisha.

Yangi ana spika za Kimarekani zenye midomo mipana kama tarumbeta, na imani yake ni moja: sauti lazima ifike barabarani. "Kama watu ya nje hapana sikia, hiyo si muziki, hiyo ni siri," husema. Bona ana spika ndogo, na anaamini katika karatasi. Spika ya kweli, kwa Bona, ndani ina koni ya karatasi, ule utando unaotikisika kutoa sauti, na koni ya plastiki ni laana iliyoletwa na watu wavivu. Yuko tayari kulisema hilo kwa saa nzima huku chai inapoa. Gaetano naye ana msimamo wake, kwamba spika ni nzuri pale unapoisahau. Wimbo wake wa kupimia ni rumba moja ya zamani ya Kongo. Ndani yake gitaa la kwanza linaimba kulia, na kushoto kuna gitaa la pili, dogo, la unyenyekevu, linalojibu. Watu wengi hawalijui hilo gitaa la pili. Gaetano analipenda kuliko la kwanza.

Na ndilo lililopotea. Mwanzo lilififia, likawa kama mtu anayezungumza chumba cha pili, halafu likatoweka. Gaetano alifungua spika akakuta sponji ya pembeni imeliwa na joto, inamomonyoka kama keki ya zamani. Alifurahi kupata ugonjwa unaoonekana! Aliagiza sponji mpya, akaibandika kwa mkono wake mwenyewe, akangoja gundi ikauke huku anazunguka nyumba. Gitaa halikurudi. Akabadilisha waya. Akaweka kasha juu ya matofali, akaliondoa juu ya matofali. Akatundika blanketi ukutani, na Atong akalala bila blanketi.

Wenzake walikaa kwenye kiti kile wakasikiliza, wakasema spika ni nzima.

"Aki mzee, gitaa liko hapo, linanichoma kabisa," Bona alisema.

"Mimi iko na masikio mbili," alisema Yangi, "na yote naskia."

Gaetano aliwaambia wana masikio ya mbuzi. Aliwaambia mengine pia, ambayo siyaandiki hapa.

Ubaya ni kwamba kuna sheria moja ya kujua spika mbovu, na sheria hiyo aliwafundisha Gaetano mwenyewe: kabla ya kuilaumu, hamisha. Ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto, ukae usikilize. Ubovu ukihama nayo, basi ni spika. Ila yeye hakuhamisha. Alijiambia makasha ni mazito na mgongo wake si wa jana. Lakini kila alipolishika kasha kulisukuma, alikumbuka kazi nyingine, akaliacha. Wiki hizohizo kambi moja ya Thongpiny ilimwita. Aliinama kwenye injini, akasema ni tamu, haina neno, na injini ile ikajifunga siku ya pili. Gaetano alilaumu dizeli iliyochakachuliwa. Aliilaumu kwa sauti kubwa, kwa siku nyingi mno.

Nyumbani nako mambo hayakuwa matamu. Atong alikuwa amenyamaza. Binti yao Adit, aliyeolewa Kitale, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na bibi alitakiwa huko. Jioni, Atong hukaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, palepale alipokaa miaka yote, kushoto kwa kiti cha mumewe. Zamani walizungumza hapo mpaka chakula kipoe. Sasa Gaetano alimwona anachambua mchele, uso umeinamia ungo, akaona heri asimchokoze. Mke akinuna, mwache. Ndivyo alivyofikiri, mwanamume mzima.

Mwisho maji yalimfika shingoni. Alimpigia Yangi simu akamwambia aje Jumapili azichukue zote mbili. Yangi alikuwa amezitamani siku nyingi. Angeng'oa viungo vya ndani avitie kwenye masanduku makubwa ya baa yake, na zile mbao za kahawia, ah, mbao zingepata kazi nyingine. Gaetano alijua. Usiku huo hakupata usingizi wa maana, na asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama.

Yangi alikuja na gari dogo la mizigo na kamba. Bona alikuja na hasira.

"Hapana," Bona alisema, akasimama mbele ya spika na kutandaza mikono kama mlinda mlango. "Hutoi kitu haujahamisha. Ni sheria yako, mzee. Hata mwizi hupelekwa kortini kwanza."

"Kalas, basi, mimi nasaidia kubeba," alisema Yangi. "Badaye mimi nabeba tu."

Wakahamisha. Gaetano alikaa kitini, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya kuaga, hakuna aliyemkumbusha kwamba mwenye nyumba husimama. Rumba ikaanza. Ile spika iliyokuwa ya kushoto sasa iko kulia, na ndani yake gitaa la kwanza likaimba safi, kila uzi.

"Imepona!" akaruka. "Imepona, jamani!"

Kisha akasikiliza upande wa pili, na furaha ikamtoka. Upande wa kushoto, ambapo sasa ilisimama ile spika nzima, hapakuwa na kitu.

"Na hii nayo imekufa?"

Bona na Yangi walitazamana. Bona akasema labda ni amplifaya, akageuza waya nyuma yake. Kushoto hapakuwa na kitu. Yangi akasema labda ni ukuta, ukuta ya mzee nakunywa sauti. Gaetano alikuwa tayari amesimama. Alikishika kiti chake kwa nguvu, akakigeuza kizima, akaketi amezipa spika mgongo.

Ile spika iliyokuwa ikiimba kulia kwake punde tu, sasa ilikuwa kushoto kwake. Ilikufa palepale.

Wimbo uliendelea nyuma yake, nusu. Aliyaona macho ya wenzake, akaona kwamba wao wameshajua, na kwamba hakuna hata mmoja anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu vita. Alipeleka kidole sikio la kulia akaliziba, na dunia ikazimika: rumba, kuku wa uani, pikipiki za barabarani, vyote.

Akakitoa kidole. Yangi alinyoosha mkono akapunguza muziki mpaka ukaisha.

Hapo Atong alitoka jikoni na sinia ya chai. Aliiweka sinia chini, akakaa kwenye kigoda chake, akasema kama alivyozoea kusema siku zile, chinichini, akiitazama sakafu, kama mtu anayesali sala anayojua haina majibu.

"Baba Adit, kesho naondoka. Begi liko nyuma ya mlango. Nilingoja jibu lako, nikachoka."

"Jibu gani?" aliuliza Gaetano.

Atong aliinua kichwa.

"Umesema?"

"Nimeuliza jibu gani. Kesho unaondoka kwenda wapi?"

Atong alimtazama mumewe, kisha akaitazama spika isiyokuwa mahali pake, kisha kiti kilichogeuzwa, ambacho sasa kilimweka yeye na kigoda chake mkono wa kulia wa mumewe kwa mara ya kwanza tangu waingie nyumba hiyo. Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Haukuwa unanisikia," alisema.

"Sikukusikia."

"Mimi nikasema huyu mwanaume amenichoka. Amenichoka na anaona haya kuniambia. Nimekuuliza kuhusu mtoto wa Adit, kimya. Nimekwambia nilianguka kisimani, kimya. Siku moja nilikaa hapa nikalia, Baba Adit. Nililia hapahapa, na wewe unaangalia spika."

Alikuwa amelitafuta gitaa moja dogo ndani ya kila waya na kila ubao wa nyumba ile, akaapa, akatukana watu, akatundika blanketi ukutani. Na muda wote huo, kwenye kigoda, mkewe alikuwa akisema peke yake. Machozi yalimtoka mbele ya wenzake na hakuyafuta.

Yangi alikuwa anaikunja kamba yake polepole, akiizungusha kiganjani.

"Mimi hii spika hapana chukua," alisema, akiitazama dari. "Iko muzima."

"Nilisema," alisema Bona.

"Sisi wote tulisema."

Wakaenda zao bila kunywa chai. Mlango ulipofungwa, Gaetano alikisogeza kiti karibu na kigoda, upande uleule, akalielekeza sikio lake la kulia kwa mkewe kama alivyokuwa akilielekeza la kushoto kwa injini za watu.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Yote. Anzia ulipoanzia."

Atong alivuta pumzi, akaanzia kwenye mvua ya kwanza.

Alikwenda Kitale wiki hiyo, na Gaetano akamfuata baadaye. Kazini amewaambia ukweli. Sasa anashika injini kwa kiganja, na kambi mbili tatu zimetafuta fundi mwingine. Jumapili desturi inaendelea. Spika ziko mahali pake, zimepanguswa vumbi, lakini kiti hakikurudishwa, bado kimezipa mgongo, na mlango wa jikoni uko mkono wake wa kulia. Bona hulalamika kila wiki. Anasema kuziweka spika kama zile nyuma ya kichwa cha mtu ni dhambi, ni ushamba, ni kuwatukana waliozitengeneza. Gaetano hamjibu, na si kwa sababu hajamsikia.