Jina la Mama

Jumatatu, tarehe 11 Januari 2010, kamati ya kuwapangia shule watoto wenye ulemavu ilikaa katika chumba cha nyuma cha ofisi ya elimu. Waliohudhuria wote wanalithibitisha hilo.

Mpimaji wa kamati, aliyepima uwezo wa akili wa kila mtoto, walimu walimwita Bi Mizani, kwa kuwa hakuwahi kumpendelea mtoto wala kumwonea. Kauli yake ndiyo iliyoamua nani abaki shule ya jirani na nani apelekwe bweni la mbali, la watoto wenye ulemavu wa akili.

Asubuhi hiyo aliingizwa binti wa fundi cherehani, wa miaka saba, mwenye miguu dhaifu na ulimi mzito. Fundi huyo, mama yake, aliachwa nje kwenye benchi, kama utaratibu ulivyotaka.

"Mama yako anaitwa nani?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Mama."

"Najua ni mama. Jina lake?"

"Mama," akarudia polepole, macho sakafuni.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye madarasa yake yalikuwa yamejaa pomoni, akacheka. "Bi Mizani, hapa hata ukiuliza mpaka jioni utavuna mama tu."

Bi Mizani akapitisha bweni. Jumamosi gari likamchukua mtoto.

Kesho yake wifi wa Bi Mizani alikuja kula naye chakula cha mchana, akampakata mjukuu wa mwenyeji.

"Haya, huyu bibi yako anaitwa nani?"

"Bibi."

"Bibi ana jina, bwana. Au alizaliwa bibi?"

Mtoto akaziba mdomo, akatazama chini. "Bibi."

"Huyu kafunzwa," wifi akasema. "Jina la mkubwa halimtoki hata kwa koleo."

Bi Mizani aliipokea sifa hiyo kwa tabasamu, maana mfunzaji alikuwa yeye. Tabasamu halikufika mwisho. Upawa ukabaki hewani, mchuzi ukidondokea meza.

"Wifi, mbona umeganda?"

"Mkono umekufa ganzi," akadanganya, asiweze kumtazama mjukuu wake usoni.

Jumatatu alikwenda kwa fundi. Maneno ya kuomba radhi aliyapanga njia nzima. Kizingitini yakamkimbia, akajikuta anasema anataka kushonewa gauni. Fundi alimkaribisha kwa heshima iliyomchoma kuliko tusi, akamzungushia utepe wa kupimia.

"Simama kawaida, mama. Ukijibana, kipimo kitadanganya."

Hapo maneno yakamrudia. "Mwanao nilimpima vibaya. Kwa adabu hakulitaja jina lako, mimi nikasema hajui."

Fundi akashusha utepe. "Njiani nilimwambia, wakubwa wakikuuliza, uwe na adabu." Akauviringisha utepe kidoleni. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemponza?"

"Si wewe. Ni mimi."

"Pale kwenye benchi nilisikia mtu anacheka. Kayaseme mbele yake."

Akayasema, amesimama mbele ya kamati nzima kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Mwalimu mkuu alishughulika na kalamu yake. Muhula wa pili binti alianza masomo shule ya jirani. Gauni nalo lilishonwa, likamkaa Bi Mizani sawasawa, lakini hakuwahi kulivaa.

Kisichojulikana ni jinsi binti mwenyewe alivyoielewa safari ile ya kwenda na kurudi. Hakuna aliyemuuliza.