Mwalimu wa Hamadi

Juzi nilikuwa nachambua mchicha, mwanangu kainamia simu, anacheza gemu na watu asiowaona. Ghafla simu ikafoka kwa sauti ya kijana: "Wewe umeshinda mara ngapi mpaka utuelekeze?" Mwanangu akanywea. Jamani, nami nilinywea pale pale, maana swali la namna hiyo niliwahi kuulizwa Mbinga, nikiwa mtoto wa darasa la nne.

Nilikuwa nimetolewa kwetu Kihagara, ziwani, nikaletwa kwa shangazi nisome. Wenzangu walizungumza Kimatengo, mimi Kinyasa, na wakati wa mapumziko hakuna aliyejisumbua kunitafutia Kiswahili. Waliniita "mla dagaa", basi. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa naongea na kuku wa shangazi.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi binafsi wa kahawa wakafurika mjini, na maduka yakajaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Mzee Salumu, mfanyabiashara kutoka Lindi, aliweka televisheni chumba cha nyuma cha duka lake, akaunganisha gemu ya vifaru. Jenereta linanguruma nje, ndani kunanuka petroli na jasho la watoto. Sikuwa na hela ya kucheza. Nilisimama nyuma yao nikitoa ushauri: "Rudi! Jifiche ukutani!"

"We mla dagaa, hata kuishika hujawahi, unamfundisha nani?" Kicheko chumba kizima.

Aliyenisikiliza alikuwa mmoja tu, Hamadi, mtoto wa Mzee Salumu, rika langu. Wateja wakishaondoka, baba yake alimwachia acheze kidogo, naye ananiita: "Mwalimu, njoo unielekeze." Nikisema jifiche, anajificha. Vifaru vya adui vinamzingira, puu, amekufa. "Nimechelewa mimi, mwalimu. Hebu niambie tena." Namwambia tena, kwa mikogo yote, kisha maneno yananichukua: namsimulia ziwa letu, mama anavyoanika dagaa, mdogo wangu anavyoogopa mawimbi. Yeye macho kwenye kioo, anaitikia "ehe, ikawaje?" Darasani nilikuwa naisubiri jioni tu.

Siku moja shangazi alinituma chumvi. Nikachungulia mlango wa nyuma, nikamkuta Hamadi yuko peke yake, anacheza. Hajifichi popote. Anatoka, anapiga, anakwepa, hatua moja hadi nyingine, mpaka gemu yenyewe ikaisha. Hata hakutabasamu. Kumbe muda wote ule alikuwa ananichezea shere!

Nikaacha kwenda. Alinifuata bombani nikichota maji, akasema, "Mwalimu, mbona umenisusa?" Nikamjibu, "Mwongo mkubwa wewe, usiniite hivyo tena." Akatazama miguu yake, akaondoka. Msimu wa kahawa ulipokwisha, Mzee Salumu alifunga duka, wakarudi kwao Lindi. Sikwenda kumuaga.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kabisa, na siku hiyo nililia. Ushauri wangu ulikuwa wa hovyo, na Hamadi alilijua hilo tangu mwanzo. Lakini naye pale Mbinga alikuwa mgeni, hana mtu. Alikubali kushindwa kila jioni ili nisinyamaze, nisiende nyumbani. Nami nikamfukuza rafiki pekee niliyekuwa naye, eti kwa kuwa anajua kucheza.