Makopo Saba ya Samaki

Mwaka ule wa foleni za sukari nilipeleka ofisini kwetu Posta, tulikokuwa tukiandaa kamusi, majina saba ya harufu ya samaki mkavu. Kwenye kamusi yetu tulikuwa na shombo na vumba, basi. Majina hayo alinipa mama mmoja muuza papa pale Kariakoo, mtu wa kusini, na wenzake watatu wa meza ile wakaitikia kwa kichwa. Ofisi ingeajiri mmoja kati yetu vijana wawili tuliokuwa kwenye majaribio. Nikajiona nimeshapata kazi.

Msimamizi wangu alisoma, akanirudishia karatasi.

"Ndugu, hapa hujagundua kitu. Umeambiwa tu. Kawanusishe, mmoja mmoja, karatasi yako ikiwa mfukoni."

Nilikwenda nimenuna. Jumamosi nilitia vipande saba kwenye makopo ya maziwa, kuanzia samaki aliyekauka jana mpaka aliyeanza kuoza, nikafunga kitambaa juu. Muuzaji wa meza ya jirani aliuliza kama nimetumwa na bwana afya. Nikawaita wale wanne nyuma ya magunia kwa zamu, wasisikiane.

Wa kwanza alitaja majina mawili tu ya karatasi yangu, si shombo wala vumba. Wa pili alitaja yale yale, kwa makopo yale yale. Wa tatu vivyo hivyo. Kwa mengine kila mmoja alisema ni samaki tu. Nilianza kuogopa zamu ya yule mama muuza papa.

Kwa makopo mawili ya kwanza alitaja majina yale yale. Alinusa la tatu, akalishika muda mrefu, kisha akaliweka chini.

"Mwanangu, yapo mawili. Ulipoandika la pili ulifurahi sana, ukauliza kama kuna jingine. Nikaona haya kukwambia yamekwisha."

Sikuweza kumlaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Akauliza kama kazi nimeikosa. Nikasema sijui. Akaninunulia kahawa.

Jumatatu niliyafuta matano kwa wino mwekundu. Msimamizi alisema yale mawili ndiyo ugunduzi, maana watu wanne wameyafikia bila kusikilizana, akanipa mkono. Lakini wakubwa waliotoa kazi walitazama wingi. Walimpa mwenzangu, aliyeleta majina arobaini ya ndizi. Hakuna aliyemtuma ayarudishe sokoni.