Mguu Ambao Daktari Hakuugusa

Nilitegua mguu wa kulia nikivuka kwenye roboti, zile taa za barabarani, Jules Street, karibu na saluni ninakofanya kazi ya kusuka nywele. Uvimbe ulipungua, maumivu yakabaki: upande wa nje, mbele kidogo ya kifundo. Kwenye njia yenye mashimo mguu ulilegea kana kwamba si wangu.

Kliniki, daktari alinitazama kutoka kichwani hadi kiunoni, akaishia hapo. "Punguza uzito," akasema, akaniandikia vidonge. Nikarudi. Uzito tena.

Mume wangu naye: "Si alishakwambia? Unajidekeza tu."

Nikamwambia asimame yeye kutwa nzima akisuka rasta, halafu aje anieleze habari za kudeka. Hatukusemezana tena siku ile.

Nilirudi kliniki nikiwa nimefura kwa hasira. Daktari alipoanza tena habari za uzito, nilivua kiatu, nikapandisha mguu mezani kwake, juu ya makaratasi.

"Mama, tafadhali!"

"Mguu huu hujaugusa hata siku moja, daktari. Uguse."

Akabonyeza huku na kule, shingo upande, mpaka kidole kikazama kwenye kishimo kilicho mbele ya kifundo. Nilipiga yowe lililosikika hadi kwenye foleni nje. Akanielekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mtaalamu huyo, mwanamke, alinieleza bila haraka. Ndani ya kishimo kile, kati ya mfupa wa kisigino na ule ulio juu yake, kuna kano. Zangu ziliumia nilipoteguka, na nyama za humo zikabaki zimevimba. Wayo wangu ni bapa, unalalia ndani, kwa hiyo kila nikikanyaga uvimbe ule unabanwa. Akanipa soli za kuweka ndani ya kiatu, za kuuinua wayo, bandeji ya kushikilia kifundo, na mazoezi: kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kusimama kwa mguu mmoja nimeshika sinki. Yakishindwa, alisema, kuna sindano ya kutuliza uvimbe.

Sindano sikuihitaji. Maumivu yalipungua polepole, na sasa nasuka hadi jioni.

Watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini nikikumbuka nilivyokuwa nikishuka ngazi za nyumbani kwa makalio, damu inanichemka. Mimi ni mnene, ndiyo. Wanene hawateguki?

Mume wangu alipoleta pole yake, nilimwambia aiweke mezani, nitaipokea nikiwa tayari.