Filamu Ambayo Mtaa Wetu Umeshaiona

Filamu bado haijatoka, lakini mtaa wetu mzima umeshaiona.

Wa kwanza kunitia hasira alikuwa jirani yangu, dereva wa moto, hizi pikipiki za abiria. Alikuja asubuhi nikiwa nakanda unga wa sambusa, akanionyesha tangazo kwenye simu yake. Chombo kikubwa cheusi kinapita kati ya nyota, mwanamke aliyenyoa kichwa amesimama kwenye usukani, muziki wa kutisha, kisha maandishi kwamba inakuja karibuni. Jirani aliangalia mpaka mwisho, akasonya.

"Hii iko ya pili," akasema. "Ile ya kwanza tulionaka zamani, kwa ciné ya kaka yako. Ile ndiyo ilikuwa filme. Hapa wametoa mpaka ziwa!"

Hakuna ya kwanza. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuitengeneza filamu hiyo kabla ya sasa. Kuna riwaya, na kuna kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa mfasiri wa filamu. Huku kwetu Gisenyi, filamu ya kigeni ilikuwa haitazamwi kavukavu. Lazima awepo mtu pembeni ya televisheni na kipaza sauti, aseme juu ya maneno ya waigizaji, awatanie, awaonye, awaambie watazamaji huyu ni nani na yule anamtakia nini. Wengine walifasiri kwa Kinyarwanda. Yeye alifasiri kwa Kiswahili, kwa sababu banda alilofasiria, hiyo ciné anayoisema jirani, lilikuwa katika mtaa wetu wa Waislamu, na nusu ya watazamaji walikuwa wamevuka mpaka kutoka Goma. Mimi nilikaa mlangoni na karai langu la mafuta, kwa hiyo filamu za ujana wangu karibu zote nilizisikia nimezipa mgongo.

Riwaya hiyo aliinunua Goma, kwenye turubai la vitabu vikuukuu vya Kifaransa. Ni hadithi ya watu waliopanda chombo kwenda kwenye nyota ya mbali, safari ndefu hata watoto wanazaliwa na kuzeeka njiani. Kila jioni nahodha, mwanamke, huwasomea abiria salamu zinazotoka nyumbani duniani. Siku moja salamu zinakatika. Nahodha hamwambii mtu. Anaendelea kuwasomea salamu anazozitunga mwenyewe, kwa sababu anajua abiria wakikata tamaa chombo hakifiki. Kaka alikisoma kitabu kile mpaka gundi ikaachia, akakifunga kwa kamba ya kiatu, akaendelea kukisoma.

Sasa, mnajua umeme wetu wa wakati ule. Filamu inafika penye utamu, pu! giza. Watu wanaanza kupiga miluzi, mwenye banda anahangaika na jenereta isiyo na petroli, na nje mvua ya Gisenyi imeshika adabu za kwake, haimruhusu mtu kwenda popote. Hapo kaka yangu aliweka chini kipaza sauti kilichokufa, akaanza kusimulia riwaya ile kwa mdomo mtupu. Milango ya chuma aliifungua kwa pumzi, shuuu. Injini aliingurumisha kifuani. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa hapa, chombo hakikuondoka Ulaya. Kiliondoka ufukweni kwetu, kikichoma gesi ya ziwa Kivu, na ndani yake abiria walilima viazi vya Kanama. Nahodha alikuwa binti wa muuza vitenge, akivaa kitenge cha kijani juu ya suti yake ya kwenda angani.

Umeme ukirudi, filamu iliendelea palepale ilipoishia. Ukikatika tena wiki nyingine, na yeye aliendelea palepale alipoishia. Ilikwenda hivyo kwa misimu ya mvua sijui mingapi.

Nilimweleza jirani yote haya. Nilimwambia hakuona kitu, alisimuliwa, na gizani. Alinicheka.

"We unauza sambusa nje, utajua nini? Mi niliona na macho yangu. Kitenge kilikuwa kijani. Kama sikuona, rangi niliitoa wapi?"

Nikarudi kwenye unga wangu. Watu wale walikaa kwenye mabenchi yaleyale, wametazama ukuta uleule, wamesikia sauti ileile iliyowafasiria filamu nyingine zote. Miaka imepita, imezichanganya. Kuanzia hapo kila anayekuja kununua ana malalamiko yake: mpya hii wameharibu, wameweka mwanamke mwenye kipara, ziwa wamelipeleka wapi. Mzee mmoja wa Rugerero aliniambia kwa uchungu kabisa kwamba wazungu hawajui kurudia kitu bila kukichafua.

Ningecheka pamoja nao kama kaka yangu angekuwa na sauti.

Alikuwa akisema, nadhani toka mwaka alioinunua riwaya ile, kwamba siku wakiitengenezea filamu ataifasiri yeye, na hatahitaji hata kuitazama kwanza. Alisema hivyo kwa majigambo, mbele za watu, na watu wakamwitikia. Halafu koo likaanza kumuuma. Madaktari walimpasua, wakamwokoa, nami nawaombea dua mpaka leo. Lakini kilichobaki kooni mwake ni mnong'ono. Lazima umsogelee mpaka usikie joto la pumzi yake. Banda nalo lilishafungwa, pale sasa panauzwa mabati na misumari.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi yametuuma kweli. Najua ni ujinga kuwakasirikia watu wa mbali wasiotujua, lakini nawakasirikia. Walikuwa wapi miaka yote ile, mtu wao akiwa tayari, kifua kimejaa? Na hasira nyingine sina pa kuipeleka. Sauti ile haikurekodiwa hata mara moja, na mtu yeyote. Nani angerekodi? Tulidhani ipo tu, kama ziwa lilivyopo.

Yeye mwenyewe halalamiki, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Hukaa kibarazani kwangu, skafu shingoni, na kila anayekuja na simu humwomba amwekee tangazo lile. Mwanamke mwenye kipara anafungua mdomo, na kaka yangu naye anafungua wake. Midomo inakwenda, kidevu kinapanda, mkono unajikunja kushika kipaza sauti ambacho hakipo. Kwa siri namtazama, kisha najitia niko bize na karai.

Juzi akaja mama mmoja kutoka Goma, muuza viatu, aliyekuwa mtazamaji wa kudumu wa banda lile enzi zake. Hatukuwa tumeonana muda mrefu. Alikaa kibarazani, karibu kabisa na kaka yangu, akamsalimia kwa heshima, "Jambo, baba," kama unavyomsalimia mgonjwa wa watu usiyemjua. Sikumshangaa. Uso wa mfasiri hakuna aliyekuwa akiutazama, macho yote yalikuwa kwenye skrini, na kaka amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe.

Haikupita muda akaanza na yeye. Ameona tangazo. Ile ya zamani ilikuwa bora.

Nikaona huyu ndiye atakayemkumbuka. Huyu alikuwa akikaa benchi la mbele, alikuwa akilia nahodha akitunga zile salamu za uongo. Nikamuuliza polepole, kama mtu asiye na haja, "Na mfasiri wake alikuwa nani, mama? Unamkumbuka?"

Kaka yangu aliacha kutafuna sambusa yake.

Yule mama alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kiganja shavuni, akanitazama kana kwamba nimemuuliza swali la ajabu.

"Mufasiri? Hapana, dada. Ile haikukuwaka na mufasiri. Zile zingine, ndiyo. Lakini ile, bon, watu wa ndani walikuwa wanasema Kiswahili wenyewe."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilitaka kumshika yule mama kichwa nikigeuze upande wa kushoto, nimwambie huyu hapa, huyu ndiye nahodha, ndiye injini, ndiye milango yote. Kaka yangu akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na sikujua kama ameumizwa au amefurahi, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza. Akaniinamia sikioni, akasema maneno machache.

"Baba anasema nini?" akauliza yule mama.



"Anasema ni kweli," nikamwambia. "Anasema na yeye anaikumbuka ile filamu. Walikuwa wanasema Kiswahili wenyewe."

"Unaona?" akasema yule mama, na akamgeukia kaka yangu kumsimulia tangu mwanzo.